KULINDA MADIRISHA NA MILANGO WAKATI WA UPEPO MKALI

Mabati ya nyumba yang'olewapo na upepo, aghalabu mwenye nyumba humlaumu fundi aliyeezeka, au misumari iliyotumiwa. Pengine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi paa hushindwa kwa sababu dirisha au mlango umeshindwa kwanza. Yafaa jambo hili lifahamike vema kwa wakaaji wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni, Bahati na Makadara hadi Dandora, Kayole na Umoja.

Upepo wa Nairobi watoka wapi

Tufani kubwa za baharini hupata nguvu zake katika maji yenye joto, nazo hufifia zikishaingia nchi kavu. Tena hazizaliwi karibu sana na mstari wa Ikweta, kwa kuwa huko mzunguko wa dunia hauupindi upepo kiasi cha kuufanya uzunguke. Hata pwani ya Afrika ya Mashariki huzipata kwa nadra. Tufani ya mwezi wa Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Nyingine ilipiga Lindi mwaka wa 1952. Na mwezi wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilikikaribia kisiwa cha Mafia.

Nairobi iko umbali wa zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, kusini kidogo tu ya Ikweta. Hatari yake ni nyingine. Wingu zito la radi limwagapo mvua, hewa baridi huporomoka pamoja na mvua hiyo, na ikigonga ardhi husambaa kwa kasi pande zote. Upepo huo huvuma dakika chache, hasa wakati wa masika na wa vuli, lakini dakika hizo zatosha kuezua nyumba. Ikumbukwe kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne.

Kwa nini paa hung'oka

Upepo upitapo juu ya paa hulivuta kwenda juu. Ikiwa nyumba imefungwa, misumari na mbao za kenchi hupambana na mvuto huo peke yake. Lakini kioo kikivunjika au mlango ukifunguka upande ule utokako upepo, hewa huingia kwa nguvu na kulisukuma paa kutoka ndani. Basi paa huwa na adui wawili kwa wakati mmoja, mmoja akivuta na mwingine akisukuma.

Wako watu wanaoamini kwamba yafaa kufungua dirisha ili upepo upite. Hilo ni kosa. Kadhalika kubandika utepe wa gundi juu ya kioo hakukifanyi kuwa na nguvu. Jambo lifaalo ni kufunga madirisha yote, na kuyakinga yale yaliyo dhaifu.

Namna ya kukinga madirisha

Kwanza vioo vichunguzwe. Katika madirisha ya chuma ya zamani, ule udongo laini wa kushikizia vioo hukauka na kupasuka, na kioo hulegea. Kuutia upya ni kazi ndogo; kuezeka upya ni kazi kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kinga iliyo bora ni kibao cha kufunika dirisha kwa nje. Kibao hicho chaweza kutengenezwa kwa plaiwudi yenye unene wa milimita 16 hivi, kipite ukingo wa dirisha kwa sentimita 10 kila upande, na kifungwe kwa bolti katika ukuta imara, si katika fremu ya dirisha. Afadhali kila kibao kiandikwe namba ya dirisha lake na kuwekwa tayari, maana upepo wa radi haungoji seremala. Apendaye kinga ya kudumu aweza kuweka vibao vyenye bawaba na komeo, kama vile madirisha ya mbao ya nyumba za Kiswahili za Majengo. Mpangaji na apate ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta.

Milango na uwanja

Mlango mzuri una bawaba tatu, na makomeo mawili, moja juu na moja chini. Fremu yake na ishikwe barabara na ukuta, maana mlango wenye nguvu katika fremu iliyolegea hauna faida.

Vitu vilivyolegea nje viondolewe. Kipande cha bati au ubao kikirushwa na upepo huvunja dirisha la jirani. Mawe na matairi yanayowekwa juu ya paa si kinga, nayo yaweza kumwangukia mtu. Katika majumba ya ghorofa, vyungu vya maua na ndoo viondolewe barazani.

Hatari mbili ndani ya nyumba iliyofungwa

Ya kwanza ni jiko la makaa. Makaa yawakapo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu waliolala katika chumba kilichofungwa hufa bila ya kuamka. Kabla ya kufunga madirisha, jiko litolewe nje, au lizimwe kabisa na makaa yake yatolewe. Kulifunika kwa majivu hakutoshi.

Ya pili ni moto. Nyumba nyingi za Nairobi zina vyuma madirishani kwa kuwazuia wezi, na vyuma hivyo vimekuwa gereza kwa watu nyumba ilipowaka. Katika kila nyumba dirisha moja angalau liwe na vyuma na kibao viwezavyo kufunguliwa kwa ndani. Ufunguo wa kufuli ukae mahali pamoja siku zote, nao watoto wapajue.

Kibao kilichokwisha kupimwa huwekwa kwa dakika chache. Mwenye nyumba mwenye busara hutengeneza vyake wakati wa kiangazi, hali mbingu ni nyeupe, na mafundi wana nafasi.