Meneja Msaidizi au Msaidizi wa Meneja?

Hebu tuambiane ukweli, msomaji wangu. Ofisini kwenu ni nani anayejua bosi ameamkaje leo, kanywa chai na nini, na nani alichelewa Jumatatu? Usinijibu kwa sauti, maana huenda amekaa meza ya pili kutoka kwako. Ofisi zote za Bongo zina mtu wa aina hiyo, na jina lake tunalijua: mnoko. Kwenye ile komedi ya The Office anaitwa Dwight Schrute.

Kwa wale waliopitwa, The Office ilianzia Uingereza, BBC, Julai 2001. Waliotunga ni Ricky Gervais na Stephen Merchant, na hadithi ilikuwa ya kampuni inayouza karatasi katika mji wa Slough. Wamarekani wakaichukua Machi 2005, wakaihamishia Scranton, jimbo la Pennsylvania, wakaenda nayo misimu 9 mpaka Mei 2013. Hamna bastola wala magari yanayoruka darajani. Watu wanauza karatasi, basi. Kinachogombewa mwaka hadi mwaka ni nani atakaa karibu na mlango wa bosi.

Kisa cha cheo ndicho kinachonimaliza mbavu. Dwight anajitambulisha kwa kila mtu kuwa ni Meneja Msaidizi wa Kanda. Bosi wake, Michael Scott, anamrekebisha hapo hapo: wewe ni Msaidizi wa Meneja wa Kanda. Kwa Kiswahili utani huu unanoga zaidi, maana maneno ni yale yale, umegeuza tu mpangilio. Mmoja ana madaraka, mwingine anabeba faili. Nasi tuna neno letu linalofanya kazi hiyo hiyo: kaimu. Aliyewahi kukaa ofisi ya umma anajua utamu wa barua ya kukaimu, na anajua pia uchungu wake. Unakalia kiti, unatia saini, unaitwa kikaoni, lakini siku yoyote anaweza kushuka mtu kwenye basi na begi lake, amekuja kuchukua kiti.

Msimu wa korosho uliopita nilikaa wiki moja Nachingwea kwa mdogo wangu wa kike. Yeye ni mtumishi wa umma. Mumewe, shemeji yangu, yuko Ruangwa, na kazi zao hazitofautiani: elimu ile ile, daraja lile lile la mshahara, walimaliza chuo mwaka mmoja. Shemeji huja Ijumaa jioni, Jumapili anarudi kituoni kwake. Wana flashi yenye misimu yote 9. Jumamosi usiku mkeka unatandikwa sebuleni, korosho za kukaanga kwenye sinia, kompyuta juu ya stuli, na kazi inaanza ya kuwagawia watu wa Scranton sura za huku.

"Dada, huyu Dwight si yule wetu wa masijala?"

"Masijala wapi! Yule wa masijala ni Andy."

Hapo nikakubaliana na shemeji, kwa sababu Andy Bernard ni hatari kuliko Dwight. Dwight unamwona anakuja. Andy analetwa na kuunganishwa kwa matawi mwaka 2006, na siku ile ile anaieleza kamera mbinu zake: kulirudia jina la mtu mara nyingi, kuiga tabia zake, na kutoachia mkono wakati wa kusalimiana. Anataka awe wa pili kwa bosi ndani ya wiki 6. Kumpaka bosi mafuta kwa mgongo wa chupa ndiko huko, na Michael, ambaye anakufa kwa hamu ya kupendwa, anapakika kweli kweli.

Angalia jinsi anavyomtilia mwenzake mchanga kwenye kitumbua. Dwight ameendesha gari kwa siri mpaka New York kupeleka nyaraka ambazo Angela, mpenzi wake wa mafichoni, alisahau kuzituma makao makuu. Andy anakuta risiti ya ushuru wa barabara garini, anaipeleka kwa bosi: unaona, anakwenda makao makuu nyuma ya mgongo wako! Na Michael anaamini upesi, kwa sababu mwaka uliotangulia Dwight kweli alijaribu kumpindua. Dwight angesema neno moja tu angepona. Lakini neno lenyewe lingemwaibisha Angela, basi akaacha kazi. Mnoko yule tuliyemcheka misimu miwili ndiye pekee mwenye ubavu wa kufanya hivyo. Mdogo wangu alisimamisha picha pale, akamtazama mumewe. "Wewe ungeacha kazi?" Shemeji akasema korosho zimekosa chumvi.

Tofauti moja niliiona wazi. Wale wa Scranton saa 11 jioni kila mtu anapanda gari lake, ugomvi unabaki na kompyuta. Nachingwea hakuna pa kuuacha. Uliyemchongea kwa bosi asubuhi utamkuta sokoni jioni, utakaa naye kwenye kikoba, ni jirani yako, na harusi ya mdogo wako ndiye mweka hazina. Ruangwa ndiyo kabisa. Namungo wakicheza nyumbani, ofisi nzima iko uwanja wa Majaliwa, na mnoko anaona nani amekaa na nani. Wilaya hizi mbili zimeungana mpaka kwenye korosho, RUNALI yenyewe ni Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kwa hiyo hata ukihamishwa wilaya, sifa zako zinafika kabla ya mizigo yako.

(Tena Nachingwea ilishawahi kuwa na komedi yake ya ofisi, ila gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, wakapanga mashamba Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga na reli. Mabosi London, ripoti nzuri, karanga hakuna. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Reli nayo ikang'olewa baadaye. Nina hakika kulikuwa na Msaidizi wa Meneja.)

Turudi sebuleni. Mdogo wangu alikuwa amepewa barua ya kukaimu ukuu wa kitengo. Shemeji kwa furaha akaanza kumwita Mheshimiwa Kaimu. "Mheshimiwa Kaimu, chumvi imeisha." "Mheshimiwa Kaimu, kikao cha maharage ni saa ngapi?" Siku ya kwanza tulicheka wote. Jumapili asubuhi nilikuwa nacheka mwenyewe, kwa adabu tu ya ugenini.

Hapo ndipo nilipomwona Jim Halpert kwa jicho lingine. Sote tunampenda Jim. Mrefu, mpole, anampenda Pam wa mapokezi, na anamtania Dwight kila siku. Si yeye aliyeitia stepla ya mwenzake ndani ya jeli? Lakini angalia vizuri. Dwight ndiye muuzaji bora pale. Jim ana akili ya kufanya makubwa na hafanyi, basi anamtania anayefanya. Utani wa namna ile una wivu ndani yake, umepakwa sukari tu. Nilimwambia shemeji hivyo, akanijibu, "Dada, wewe na uandishi wako," akaenda kuwasha jiko.

Jumamosi iliyofuata walifika msimu wa 9. Jim anaanzisha kampuni na wenzake Philadelphia, na mkewe hajui. Anaficha kazi kubwa. Nikamkumbuka Papa Shirandula wa Citizen TV ya Kenya, marehemu Charles Bukeko aliyefariki Julai 2020: yeye alikuwa mlinzi, akimwaminisha mkewe Wilbroda kuwa ana kazi ya maana ofisini. Huyu anaficha kidogo, yule anaficha kikubwa, na wote wawili wanaogopa sura moja tu, ya mke.

Pam alipoanza kumuuliza Jim maswali, mdogo wangu naye akauliza la kwake, bila kugeuza kichwa. "Hivi lile ombi lako la uhamisho limefikia wapi?" Miezi minne shemeji alikuwa akisema limekwama kwa wakubwa. Akanyamaza. Kisha akasema hajalituma. Alilijaza kwenye mfumo, akafika mwisho, halafu ikaja barua ya kukaimu. Akihamia Nachingwea, kitengo ni kile kile. Mkewe ndiye angekuwa anamjazia tathmini ya kazi.

"Unaogopa nitakupa alama ndogo?"

"Naogopa wa masijala," shemeji akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Nikipandishwa watasema umenibeba. Nisipopandishwa nitasema mwenyewe kuwa umenibania."

Mimi nilijifanya natafuta maji ya kunywa. Nilipokuwa jikoni niliwasikia wanaongea mpaka umeme ukakatika, wakaendelea gizani. Mdogo wangu alisema yuko tayari kuomba ahamishiwe kitengo kingine asubiri kiti kisicho cha kukaimu. Shemeji akakataa, tena kwa ukali. Kiti hicho amekitolea jasho, asikiachie kwa ajili yake. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kumsikia akikitaja cheo cha mkewe bila Mheshimiwa.

Ombi bado liko kwenye mfumo, halijatumwa. Wamekubaliana kusubiri mpaka ijulikane kama mama anathibitishwa au anakuja mtu na begi lake. Ila nywila sasa anayo na mke.