Nani Atamulipia Mutoto Anayesomea Kusaidia Wengine?



Kila mwaka, wakati iniversite inafungua milango, maneno ni yale yale ndani ya lupango nyingi za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba. Tukamate mufano wa mama mumoja anayeuzisha unga sokoni. Jina lake si lazima, utamukuta ku kila avenue. Binti yake amemaliza mwaka wa kwanza wa masomo ya kazi za jamii.

– Mama, banasema tulipe mbele ya mitihani.

– Mwana, sina. Makuta ya unga njo ile ile ya kula. Na ile masomo yako ya sosiali itatuletea nini? Yaya yako alisoma umeme, leo eko na kazi ku kampani.

– Mama, wakati baba alikufa, nani alikuya kutuuliza kama tunakula? Haikukuwa mutu wa umeme. Ni ule mama wa sosiali.

Mama ananyamaza. Binti anasema kweli, lakini kweli hailipi minervali. Basi tuulize: feza zitatoka wapi?

KAZI YA ASISTANTI SOSIALI NI GANI?

Wazee wetu wa kambi wanaijua kazi hii toka zamani. Union Minière, kampani iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga ndani ya kambi zake fwaye sosiali, mahali wamama walijifunza kushona, kupika na kulea watoto wachanga. Watumishi wa sosiali walipita nyumba kwa nyumba. Wengine waliwapenda, wengine waliwaogopa kwa sababu walikuwa jicho la kampani ndani ya nyumba ya mufanyakazi.

Leo kazi imepanuka. Sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamupa asistanti sosiali nafasi yake mbele ya tribinali ya watoto: ndiye anayekwenda kuuliza maisha ya mutoto na jamaa yake, juu ya kumusaidia juji kukata maneno vizuri. Hapa Lubumbashi, Wasalesiani wa Don Bosco wanapokea watoto wa barabarani ndani ya nyumba za Bakanja. Kule Kolwezi, Masista wa Bon Pasteur walianza mwaka 2012 kusaidia watoto na wamama wa machimbo. Kazi za namna hii zinaomba roho nzuri, lakini roho nzuri peke haitoshi. Mutu asiyejua kuongea na mutoto aliyeumizwa anaweza kumuumiza mara ya pili. Ni lazima kusoma. Ndiyo maana muji wetu uko na Institut Supérieur d'Études Sociales, na ndani ya Université de Lubumbashi muko fakultete ya sayansi za jamii.

ZAMANI NANI ALILIPA?

Wababa waliosoma wakati wa Mobutu wanakumbuka burse ya Leta. Mwanafunzi alipata feza, alilala ndani ya kampisi, alikula ku restora. Haikukosa magomvi: tarehe 4 Juni 1969, kule Kinshasa, wanafunzi wa Lovanium walitoka barabarani kuomba, pamoja na mambo mengine, burse iongezwe. Waaskari wakawapiga risasi, na wengi wakakufa.

Kisha mambo yakaharibika pole pole. Uchumi wa inchi ulianguka, burse ikapoteza nguvu. Usiku wa tarehe 11 kufika 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampisi ya Lubumbashi. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire. Mwaka ule ule, mwezi wa Septemba, mugodi wa Kamoto ulibomoka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1993.

Kwa sisi watu wa kambi hiyo haikuwa hesabu ya gazeti tu. Mushahara wa Gécamines njo ulisomesha watoto. Na mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka ndani ya ule mupango wa kuacha kazi kwa hiari, baba wengi walipata kitita kimoja, kisha basi. Toka pale, muzigo wote wa masomo ni juu ya kichwa cha wazazi.

KWA NINI HUYU ANAUMIA ZAIDI?

Wanafunzi wote wanateseka, lakini yule wa sosiali ana taabu zake mwenyewe.

Ya kwanza ni staji. Lazima aende kufanya mazoezi ku hospitali, ku kituo cha watoto, ku gereza. Mara nyingi halipwi, na bado atalipa taksibisi asubuhi na magaribi. Hawezi tena kuuzisha kitu sokoni saa zile.

Ya pili, kampani za machimbo zinapenda kusaidia wale zinaowahitaji: wa migodi, wa umeme, wa mashini. Asistanti sosiali haongezi shaba.

Ya tatu ndiyo ya kuhuzunisha zaidi. Mutoto aliyeonja umasikini ndiye mara nyingi anayejua kusikiliza masikini. Lakini ndiye wa kwanza kufukuzwa juu ya minervali.

MILANGO YA KUPIGA HODI

Usikae nyumbani ukingojea. Angalia hii:

1. Burse za wenye akili kali. Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi ina programu Excellentia kwa walioshinda vizuri sana Examen d'État. Tena kuna BEBUC, iliyoanzishwa na profesa Mudachi Gerhard Bringmann, inayosaidia wanafunzi wa iniversite mbalimbali za Kongo. Milango hii ni myembamba. Mutoto ajitayarishe toka sekondari, si mwaka wa mwisho.

2. Feza za machimbo. Sheria ya machimbo iliyosahihishwa mwaka 2018 inalazimisha kampani kutoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mugodi. Feza hizo hazisimamiwi na kampani peke, wajumbe wa wakaaji wanakaa nao. Kama unakaa ndani ya eneo hilo, nenda ku mikutano, uliza: «Asistanti sosiali wa mutaa wetu atasomeshwa na nani?» Asiyeuliza hapewi.

3. Kuongea na shule. Mbele ya mutoto kukimbia kilasi, mzazi aende mwenyewe ku sekretariati aombe kulipa kidogo kidogo. Kila franka inayolipwa, risiti yake ichungwe.

4. Likelemba. Wamama kumi wakitoa kila mwezi kiasi kile kile, kila mumoja atapata zamu yake. Mupange zamu ya mwenye mwanafunzi iangukie wakati wa kulipa.

FUNDISHO KUTOKA AFRIKA YA KUSINI

Burse peke haimalizi maneno. Mwaka 2007, serikali ya Afrika ya Kusini ilianza kulipia vijana wengi wasomee kazi ya sosiali, na wao waliahidi kuitumikia serikali wakimaliza. Mupango ulikuwa muzuri. Lakini nafasi za kazi hazikuongezeka sawasawa na idadi ya waliomaliza, na maelfu wakakaa nyumbani na diploma zao. Basi wakati tunaomba burse, tuombe pia nafasi ya kazi: ku tribinali, ku hospitali, ku shule. Diploma isiyo na kazi ni deni lingine kwa jamaa.

NENO KWA MABINTI WETU

Kuna wababa wanaosema: «Usihangaike, mi nitakulipia masomo.» Kisha wanakuja kudai malipo ambayo hayaandikwi ku risiti. Binti, burse ya kweli ina karatasi, ina ofisi, na mzazi wako anaweza kuijua. Ile inayotaka uifiche, iache. Na nyinyi wazazi, musimusukume mutoto kule kwa kumwambia kila siku: «Jitafutie.»

Turudi kwa mama wa unga. Jioni ile hakupata jibu. Kesho yake alikwenda kwa wenzake wa soko akawaomba: «Zamu yangu ya likelemba, munipe mwezi huu, mi nitangojea mwisho kwa mwaka unaokuja.» Wawili walinungunika. Wa tatu, mujane kama yeye, akasema: «Mupe. Siku moja ule mutoto atakuya ku mulango yangu.»

Wapendwa wasomaji, ndani ya mutaa wenu mumefanya namna gani? Muongee ndani ya jamaa, mbele minervali haijafika.