Mwaka Mzima na Punda wa Muthetheni: Kazi Bila Mshahara Iliyonifunza Sheria ya Njia

Ukiambia watu wa Kanairo uko kwa kundi la wanyama wa kupanda na njia zao, watafikiria Karen, buti ndefu na kofia ngumu, ama Jumapili pale Ngong Racecourse. Mbogi yangu iko Muthetheni, huku Mwala, kaunti ya Machakos. Farasi hatuna hata mmoja. Tuko na punda, mitungi ya manjano, majembe, na kitabu kimoja cha kuandikia mikutano.

Nilirudi ocha baada ya kazi kuisha Nairobi. Mpango ulikuwa nikae mwezi mmoja nijipange. Susu, yaani nyanya yangu, akaniona nikibonyeza simu kutoka asubuhi hadi jioni, akasema: "Mjukuu wangu, kundi la wenye punda linatafuta mtu wa kuandika. Si uende, badala ya kunimalizia chai?"

Nikaenda. Mwezi ukawa mwaka. Doh hakuna, na wasee wa mtaa bado wananiuliza: kwani kundi la punda hufanya nini? Acha nieleze.

Kwanza, kwa nini punda?

Ukambani ni kukavu. Mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei inaweza kukuangusha vibaya. Mito mingi ni ya mchanga: mvua ikiisha, maji yanajificha chini, watu wanachimba shimo kwa mchanga na kuchota na kikombe.

Kutoka huko mtoni hadi nyumbani ni mlima, mawe na makorongo. Gari haishuki. Nduthi itashuka kwa shida na itataka mafuta. Punda anashuka na kupanda, na mafuta yake ni majani.

Sasa piga hesabu. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mtu mzima anabeba mmoja mgongoni, anapanda nao akihema. Na kwa boma nyingi, huyo mtu ni mama ama msichana. Punda akiumwa mguu wiki moja, kuna msichana mahali ataamka saa kumi asubuhi ndio awahi shule. Hapo ndipo niliacha kuona hii kazi kama mchezo.

Kazi namba moja: punda mwenyewe

Mambo ya kwanza nilifunzwa ni uzito. Kanuni ambayo wataalamu hutoa ni kwamba punda abebe mgongoni karibu theluthi ya uzito wake. Punda wengi wa huku ni wadogo, kama kilo 150 hivi, kwa hivyo mzigo wake ni kilo 50. Hiyo ni mitungi miwili na kitu kidogo. Lakini ukisimama barabarani utaona punda amefungwa minne. Hizo ni kilo 80. Akikokota mkokoteni mahali tambarare anaweza kuvuta zaidi, kwa sababu magurudumu ndiyo yanabeba, si mgongo.

Mimi mwenyewe niliharibu. Mwezi wa pili nilifunga mitungi minne kwa punda wa Susu, nikatumia kamba ya nailoni bila gunia chini, nikajiona mjanja kwa sababu nitaenda safari moja badala ya mbili. Siku ya tatu alikuwa na kidonda karibu na mkia, ukubwa wa kiganja. Alikaa bila kazi wiki tatu. Nani alibeba maji hizo wiki tatu? Mimi. Mtungi mmoja, mara nne kwa siku. Susu hakunigombeza hata kidogo. Alikuwa anakaa tu mlangoni akihesabu safari zangu.

Kidonda cha punda si kitu cha kupuuza. Kiswahili chenyewe kinakukumbusha: ule ugonjwa wa kukaza misuli unaingia kwa kidonda unaitwa pepopunda. Unaua watu, na punda na farasi ni kati ya wanyama unaowashika rahisi sana. Chanjo iko, na moja ya kazi zangu ilikuwa kuandika ni punda gani amechanjwa na lini, ndio daktari wa mifugo akija asibahatishe.

Halafu kuna kwato. Zinamea kama kucha, na baada ya wiki kadhaa zinafaa kukaguliwa na kukatwa. Zikiachwa zinajikunja mbele kama kiatu cha Aladini na punda anaanza kuchechemea. Tuko na mzee mmoja anayejua kukata. Kazi yangu ilikuwa kushika mguu. Ule msemo wa "asante ya punda ni mateke" niliuthibitisha mara mbili, moja kwa paja, moja kwa simu.

Na usidhani kutesa punda ni mambo ya kwenu nyumbani tu. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inasema kumbebesha mnyama kupita kiasi ni kosa. Mashirika kama Brooke na KENDAT yamefunza wenye punda mambo haya sehemu nyingi za Kenya, na mengi tunayofanya yanatoka kwa mafunzo ya aina hiyo.

Kazi namba mbili: punda asiibiwe

Hii stori vijana wengi hawaijui. Huko China kuna dawa ya kienyeji inaitwa ejiao, inatengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Soko likawa kubwa, punda wao wakapungua, wanunuzi wakaangalia Afrika. Kenya ilikuwa imeruhusu punda kuchinjwa kama mnyama wa nyama mwaka wa 2012, na kutoka 2016 vichinjio vikaanza kufunguliwa: Mogotio, Naivasha, Turkana, na kimoja hapa kwetu Machakos.

Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Watafiti wa KALRO walionya kwamba mwendo ukibaki huo, punda wa Kenya wangeisha ndani ya miaka michache. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8. Ile ya 2019 ilipata karibu milioni 1.2.

Na punda si kuku. Anabeba mimba karibu mwaka mzima, na anazaa mtoto mmoja. Ukimaliza kundi leo, kulirudisha ni kazi ya miaka mingi.

Kilichowakera watu wa vijijini zaidi ni wizi. Unalala ukiwa na punda, unaamka na kamba. Wenye punda waliandamana, na Februari 2020 waziri wa kilimo wakati huo, Peter Munya, akapiga marufuku biashara hiyo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitupa marufuku hiyo. Halafu Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kule Addis Ababa kukataza punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi bara zima.

Makubaliano ya Addis ni mazuri, lakini hayalindi boma usiku. Kwa hivyo kundi liko na daftari: picha ya kila punda kutoka pande zote, rangi, alama, jina la mwenyewe. Punda akipotea, picha inaingia kwa WhatsApp kabla jua halijatoka, na watu wa upande wa Masii na Wamunyu wanaipata. Daftari ni langu. Ndiyo kazi nimefanya nikaona imekaa.

Kazi namba tatu: njia

Hii ndiyo ngumu. Punda mzima bila njia ni kama nganya bila barabara.

Zamani shamba lilikuwa moja, la babu. Njia ya mtoni ilipita katikati na hakuna aliyeuliza. Babu akafa, shamba likagawanywa kwa watoto sita, mmoja akauza, mnunuzi akaweka seng'enge. Njia imekufa, na hakuna mahali iliandikwa kwamba ilikuwepo.

Uingereza wana njia za farasi zinazotambuliwa na sheria. Sheria ya 1949 iliamuru mabaraza ya kaunti zao yazichore kwa ramani, na ukifunga moja wapo, kuna watu wa kujitolea watakufuata na hiyo ramani mkononi. Kwetu, njia nyingi za punda ziko kwa kichwa cha wazee. Kwa hivyo nilitembea na wazee. Wao wanasimulia, mimi naandika: inaanzia wapi, inapita kwa nani, imetumika tangu lini.

Agosti, kiangazi kikiwa kikali, tukaamka tukapata njia yetu kuu ya mtoni imefungwa kwa waya. Kuzunguka kulikuwa kunaongeza saa nzima kwa kila safari. Vijana wengine walitaka kukata waya usiku. Mama mwenyekiti akasema, "Mkikata waya, mtakuwa nyinyi ndio wenye makosa. Kaeni chini."

Tukakaa chini, tukauliza, na hivi ndivyo tulivyojifunza. Wewe pia unaweza kuhitaji:

1. Angalia ramani kwanza. Mashamba yalipopimwa, barabara za kuingia na vijia vingine vilichorwa kwa ramani ya usajili. Uliza kwa ofisi ya ardhi ya kaunti yenu kabla ya kupiga kelele.

2. Taito haimalizi kila kitu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inatambua haki ya kupita iliyokuwepo shamba likisajiliwa mara ya kwanza, hata kama haijaandikwa kwa taito.

3. Miaka 20 ni kitu. Sheria ya muda wa mashtaka, kifungu cha 32, inasema njia iliyotumika miaka 20 waziwazi, kwa amani, kama haki na bila kukatizwa, inaweza kuwa haki kamili. Ukipita kwa kuombaomba ruhusa, hiyo ni hisani, haihesabiki hivyo. Ndiyo maana maneno ya wazee yaandikwe wakiwa hai.

4. Mpaka ni wa msajili. Kama ugomvi ni mpaka uko wapi, unaanzia kwa msajili wa ardhi, si mahakamani.

Tulienda kwa baraza la chifu na kurasa kumi na moja. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia yule jirani. Shida ni kwamba alikuwa na ukweli wake. Punda walioachwa huru walikuwa wamekanyaga matuta yake ya fanya juu, na mvua iliyopita ilimbebea udongo. Waya ulikuwa njia yake ya kulia. Hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza.

Tuliafikiana hivi: njia ihamie ukingoni mwa shamba, iwe pana kiasi cha punda wawili wenye mizigo kupishana. Kundi litengeneze matuta yaliyobomoka na kupanda makonge pembeni. Punda aongozwe kwa kamba, asiachwe kuzurura. Tukatia sahihi mbele ya chifu, na Oktoba, kabla mvua, watu ishirini na kitu walikuwa hapo na majembe.

Sasa imebaki nini?

Karatasi ya chifu ni nzuri, lakini jirani akiuza kesho, mnunuzi mpya anaweza kusema haimhusu. Ili ikae, makubaliano yaandikwe vizuri, mpima ardhi aje, na yasajiliwe. Hiyo inataka ganji, na kundi linachanga soo soo kila Jumamosi. Hatujafika.

Mimi nilipata kazi ya muda Machakos mjini, narudi wikendi. Daftari sijaliachilia. Wiki jana nilishuka mtoni na punda wa Susu, mitungi miwili, gunia mbili chini ya kamba. Kile kidonda kimebaki alama nyeupe bila manyoya. Tulipofika kwa ile kona ya makonge tulikutana na punda wa yule jirani akipanda na maji, akiongozwa na binti yake, sare ya shule tayari mwilini. Tulipishana bila kugusana.

Kama uko na ocha, ukienda likizo uliza wazee njia ya mtoni ilipita wapi. Halafu andika.