Mbona Wasirudi Kwao?

Likitajwa neno "mkimbizi", vijana wengi huuliza: "Mbona wasirudi kwao?" Ni swali zuri, na jibu lake limo kwenye mikataba ambayo nchi yetu iliikubali kwa hiari yake. Hebu tulichambue pamoja.

MKIMBIZI NI NANI?

Si kila anayehama nchi yake ni mkimbizi. Anayekwenda nje kutafuta kazi ni mhamiaji. Mambo yakimshinda anaweza kurudi nyumbani. Aliyekimbia vita lakini bado yumo ndani ya nchi yake huitwa mkimbizi wa ndani. Mkimbizi amevuka mpaka kwa sababu maisha yake yako hatarini, na serikali ya kwao haiwezi au haitaki kumlinda.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unamtaja mtu mwenye sababu za kweli za kuogopa kuteswa kwa ajili ya asili yake, dini, uraia, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ukaongeza jambo kubwa: anayekimbia vita, uvamizi au machafuko makubwa naye ni mkimbizi, hata kama hakuna aliyemlenga yeye binafsi. Bomu likianguka kijijini haliulizi jina la mtu.

Je, muuaji naye anaweza kujificha humo? Hapana. Aliyefanya uhalifu wa kivita au mauaji ya kimbari hana haki ya kuitwa mkimbizi.

HAKI YA KWANZA

Kifungu cha 33 cha mkataba wa 1951 kinakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini. Haki nyingine zote zinasimama juu ya hii. Chakula, dawa na shule vina faida gani kwa mtu atakayerudishwa kesho kwa waliotaka kumuua?

Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Walipokelewa. Lakini Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliambiwa warudi kabla ya mwezi kwisha, na askari wakawasimamia njiani. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba kurudi kule hakukuwa kwa hiari. Unaona? Nchi ileile inaweza kufungua mlango vizuri, kisha ikapata shida kuuacha wazi. Ndiyo maana sheria inahitajika: huruma huchoka.

ETI WANALETA MAGONJWA?

Hili tunalisikia sana. Tuangalie Kagunga, kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia hapo kutokana na machafuko ya kisiasa kwao. Vyoo havikutosha, na watu walikunywa maji ya ziwani. Kipindupindu kikalipuka, na watu wapatao 30 wakapoteza maisha.

Je, sababu ni Urundi wao? La hasha! Vijidudu vya kipindupindu huingia mwilini kwa maji au chakula chenye kinyesi. Weka watu wowote wale kwenye msongamano bila choo wala maji safi, hata wanafunzi wa bweni lako, mambo yatakuwa yaleyale. Kilichosaidia ni kuwahamisha watu kwa meli, ikiwemo ile kongwe ya MV Liemba, kuwapa maji safi na kuwatibu wagonjwa haraka. Mgonjwa anayefukuzwa hujificha, na ugonjwa husambaa. Kwa hiyo kumtibu mkimbizi kunamlinda na mwenyeji.

WASICHANA NA KUNI

Kigoma, wasichana na wanawake wakimbizi wamewahi kubakwa walipotoka kambini kutafuta kuni. Wajibu wa kulinda hauishii mpakani. Aliyebakwa, awe mkimbizi au mwenyeji, awahi kituo cha afya ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Pia atapewa kinga ya mimba. Kosa ni la mbakaji, si lake.

HAKI NA WAJIBU

Mkimbizi ana haki ya elimu ya msingi, ya kuabudu na ya kufika mahakamani. Naye anatakiwa kutii sheria za nchi iliyompokea. Hapa kwetu, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka aishi eneo alilopangiwa na kuomba kibali kabla ya kutoka. Ukimsikia mtu akisema "wanakaa tu bure, hawafanyi kazi," mkumbushe jambo hilo.

BASI WATARUDI LINI?

Wengi wanatamani kurudi, lakini mkataba wa OAU unataka iwe kwa hiari. Kwa hiari maana yake mtu amepata habari za kweli za kwao na ameamua mwenyewe. Siyo kupunguziwa chakula mpaka akubali! Njia nyingine ni kupelekwa nchi ya tatu, au kupewa uraia. Mwaka 2014 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia watu wapatao 162,000, waliokimbia Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Wengi walikuwa wamezaliwa hapahapa.

WEWE UFANYE NINI?

• Usimwite mwenzako "mkimbizi" kama tusi. Ana jina.
• Usimlazimishe asimulie yaliyompata. Akitaka kusema, msikilize.
• Ukisikia "wote ni wezi" au "wote wana ukimwi", uliza: umejuaje?
• Ukiona mwenzako halali, anashtuka ovyo au amejitenga, msindikize kwa mwalimu wa malezi au mhudumu wa afya.

Hakuna anayechagua kuzaliwa penye vita. Siku mtu akibisha hodi kwetu akiwa na mtoto mgongoni, swali la kwanza lisiwe "Utarudi lini?" Liwe "Mmekula?"