Nyasi zina matundu kibao, mbona msonge hauvuji?

Vijijini Kagera, kuanzia Nyabusozi hadi Bukoba, bati limechukua nafasi ya nyasi. Lakini hebu tujiulize: wazee waliwezaje kulala makavu chini ya paa lenye matundu kila mahali?

Jibu la kwanza ni mwinuko. Msonge, ambao Wahaya huuita mushonge, ni nyumba ya duara yenye paa refu linaloshuka karibu kugusa ardhi. Tone la mvua likiangukia unyasi hung'ang'ania hapo, kisha uzito wake hulivuta kufuata mteremko. Linahamia unyasi wa chini yake, na mwingine, mpaka linadondoka nje. Kama paa ni kali vya kutosha, maji yanafika ukingoni kabla hayajazama ndani. Zinalowa sentimita chache za juu tu. Ndiyo maana hata baa za kale za vijijini Uingereza, zilizoezekwa kwa majani ya ngano au matete, zina mapaa makali vilevile. Ukililaza paa, litavuja na kuoza.

La pili ni hewa. Nyasi zilizoshonana hunasa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Kwa hiyo mchana ndani kunabaki na ubaridi, usiku joto halitoroki haraka. Bati halina uwezo huo, tena mvua ikinyesha hamsikilizani!

La tatu ni moshi. Moto wa jikoni ndani ya msonge ulikausha nyasi na kufukuza wadudu. Ukihamishia jiko nje, macho na mapafu yanapona, ila paa linachakaa mapema zaidi.

Moto huohuo ndio adui mkubwa. Jirani zetu Uganda wanajua: tarehe 16 Machi 2010 jengo kuu la makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, lililojengwa mwaka 1882, liliteketea. Kulijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, na UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023 tu. Kilichosaidia ni kwamba watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kwa mila ndio waezekaji wa Kasubi, bado walikuwepo.

Huku kwetu, msonge ukiungua au kuoza, tutamwita nani aje kuezeka? Kama kijijini kwenu yupo mzee anayeijua kazi hiyo, mfuate sasa, ukajifunze akiwa bado anaweza kupanda ngazi.