Mtoto Anayetema Nyama
Lishe ya Mtoto, Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita nilieleza kwa nini mtoto aliyekuwa akimaliza bakuli la uji akiwa na miezi minane huanza kuususia akishatimiza mwaka. Wasomaji wengi walioniandikia baada ya hapo wanauliza jambo moja: nyama. Mama mmoja anasema binti yake wa mwaka mmoja na nusu hula wali vizuri, mchuzi hunywa mpaka tone la mwisho, lakini finyango huiweka shavuni hadi igeuke nyeupe, kisha huitemea kiganjani mwa mama yake. “Nimfanyeje?” anauliza. “Bibi yake anasema namdekeza.”

Mama huyo hamdekezi mtu. Tuanze na kinywa cha mtoto, mahali ambapo sisi watu wazima tunasahau kutazama. Meno ya mbele kazi yake ni kukata. Kusaga ni kazi ya magego, na magego ya kwanza ya utoto kwa kawaida hutoka kati ya mwezi wa 13 na wa 19. Ya pili husubiri mpaka kati ya mwezi wa 23 na wa 33. Hata yakishatoka, taya na ulimi huhitaji muda mrefu kujifunza kukizungusha chakula na kukisaga. Sasa itazame nyama ya buchani kwetu. Ng’ombe wengi wametembea sana kufuata malisho na maji, wamechinjwa wakiwa wamekomaa, nyuzi zao ni ngumu. Mkaa nao ni ghali, basi sufuria inaepuliwa mapema, na baba anamalizia kazi kwa magego yake. Mtoto asiye na magego anafyonza utamu na chumvi, vikiisha anabaki na kamba mdomoni. Kuitema ndiyo akili. Angejaribu kuimeza ingeweza kumpalia, na finyango iliyoziba koo la mtoto inaua kwa dakika chache.

Kwa hiyo kabla hujasema mtoto hapendi nyama, ibadilishe nyama. Ugumu wake hutoka kwa sehemu kubwa kwenye ule utando mweupe unaofunga nyuzi, na utando huo hauyeyuki kwa moto mkali wa haraka. Unataka maji, moto mdogo na saa kadhaa. Anayepika kongoro analijua hili: mguu uliokuwa kama ubao alfajiri, ifikapo mchana umekuwa ute unaonata vidoleni. Watu wa Pwani wana njia fupi zaidi. Husaga papai bichi na kuipaka nyama ya mishkaki, kwa sababu utomvu wa papai una kimeng’enya kinachokatakata protini. Njia hiyo inafaa pia kwa chakula cha mtoto, ila usiiache nyama humo kutwa nzima, itakuwa rojo. Na Wachaga walilimaliza tatizo hili zamani kwa mtori: ndizi na nyama vinachemshwa mpaka vilainike, nyama inachambuliwa, vyote vinapondwa kwa mwiko. Ukiwa na nyama ya kusaga, ichanganye na viazi utengeneze katlesi laini. Maini pia, yaliyopikwa yakaiva na kupondwa, kijiko kimoja au viwili mara moja kwa wiki, si kila siku, maana yana vitamini A nyingi mno.

Hapa sina budi kusema kuhusu mchuzi, kwani faraja yake inawadanganya wazazi wengi. “Nyama hali, lakini supu anakunywa.” Supu imebeba chumvi, mafuta na harufu, lakini protini na madini ya chuma, kwa sehemu kubwa, vimebaki ndani ya ile finyango iliyotemwa. Na chuma ndicho tunachokitafuta. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 hukadiriwa kuhitaji miligramu 11 kwa siku, kiasi kinachozidi miligramu 8 za mwanamume mzima. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016, asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikutwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo katika hesabu hiyo, lakini chakula kimo pia. Nimekulia katika nyumba ambayo firigisi ilikuwa ya baba na maini ya wageni. Watoto tuliishia kuchovya ugali kwenye mchuzi. Desturi hiyo inaniuma mpaka leo ninapoiona mezani kwa watu.

Yupo lakini mtoto wa aina nyingine: ana magego yote, nyama imelainika, naye anafumba mdomo. Huyu asilazimishwe, wala asihongwe. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani Leann Birch na wenzake walionyesha kwamba watoto waliopewa zawadi ili wanywe kinywaji fulani walikuja kukipenda kwa kiwango cha chini kuliko mwanzo. Soda unayomwahidi “ukimaliza nyama” inamfundisha kwamba nyama ni adhabu. Weka kipande kidogo kwenye sahani yake, ule cha kwako mbele yake, usiseme neno. Asipokigusa, kesho kutwa weka tena. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla ya kukikubali, na sisi tunakata tamaa mara ya tatu.

Wakati unasubiri, nyama si lazima iwe ya ng’ombe. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku nyama, samaki au yai. Dagaa waliosafishwa wakaondolewa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa, kijiko chao kikiingia kwenye uji uliokwisha kuiva, mtoto hana cha kutema. Maharage na mchicha vina chuma pia, ila tumbo hukipokea kwa shida. Kipande cha chungwa au papai bivu katika mlo huohuo hukisaidia. Chai hukizuia, hivyo ile chai ya rangi anayopewa mtoto pamoja na chakula iondoke kabisa.

Viganja na ndani ya kope vikipauka, mtoto akawa mchovu, au akaanza kula udongo, usimalizie kusoma makala. Mpeleke kliniki apimwe damu.

Wiki ijayo nitaanza na mtoto anayeishi kwa maziwa ya ng’ombe peke yake, kwa sababu wengi wa wanaosusia nyama wameshibishwa na chupa nusu saa kabla sahani haijafika.