Je, Wajua? Boksi la Stelingi Huchaguliwa kwa Mkono Wake

Je, wajua kwamba boksi la stelingi linalosakwa sana na Wamarekani wanaofunga ekseli nzima mbele ya pikapu za Toyota hutolewa kwenye gari ambalo halikuwa na ekseli hiyo?

Pikapu za Toyota za 4x4 zilizouzwa Marekani tangu 1979 hadi 1985 zilikuwa na ekseli nzima mbele: chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, kikibebwa na springi za bapa. Mwaka 1986 kiwanda kikaleta mfumo ambao kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake. Kwenye lami raha ikaongezeka. Wanaopanda miamba wao hawakuutaka. Waliung'oa wakarudisha ekseli. Hapo ndipo kazi ya kuchagua boksi ilipoanzia.

Ndani ya boksi mna shafti yenye mfuo wa mzunguko kama skrubu. Juu yake hupanda nati kubwa, na kati ya nati na shafti huzunguka gololi za chuma zinazopunguza msuguano; zikifika mwisho wa njia, hurudishwa mwanzo kwa mrija. Meno ya nati huzungusha shafti nene inayotokeza nje ya boksi, na kwenye ncha yake hufungwa mkono wa pitman. Usukani ukizungushwa mara 4 na mkono ukapita nyuzi 90, uwiano ni 16 kwa 1. Hiyo ndiyo nguvu anayokopeshwa dereva, hata kabla ya pampu ya hidroliki kumsaidia.

Lakini nguvu si swali la kwanza. La kwanza ni mkono unapiga kuelekea wapi.

Katika pikapu za 1979 hadi 1985, mkono hupiga mbele na nyuma, ukisukuma fito fupi inayokwenda kwenye gurudumu la upande wa dereva. Springi zikijikunja juu ya jiwe, ekseli nayo husogea, fito husukumwa, na magurudumu hugeuka ilhali dereva hajagusa kitu. Boksi la pikapu zenye ule mfumo wa 1986 hupiga kushoto na kulia. Fundi hulifungia fito ndefu inayovuka gari hadi gurudumu la upande wa pili, na fito ndefu ikiinama haivuti sana. Ndiyo maana hata wenye pikapu za zamani, ambazo ekseli yao haijawahi kuguswa, hulitafuta boksi hilo.

Gari likiwa na springi za koili, kuna fito nyingine, ya panhard, inayozuia ekseli isikimbie pembeni. Fito hiyo na ile ya usukani ziwe sambamba na zikaribiane urefu, zipande na kushuka kwa upinde mmoja. Zikipishana, kila shimo litayumbisha gari.

Sisi wa usukani wa kulia tuna tahadhari ya ziada: tusinunue boksi la gari la usukani wa kushoto kwa kulitazama tu. Likihamishiwa upande wa kulia na mkono ulioelekea nyuma ukageuzwa uelekee mbele, ncha yake husogea kinyume. Utakata kulia, gari liende kushoto.

Boksi likipatikana, linabaki suala la pa kulifunga. Tairi kubwa iliyobanwa kati ya mawe huirudishia chasisi nguvu yote ya usukani, na nyufa huanzia kwenye matundu ya bolti. Fundi makini huchomelea bamba la kuimarisha, kisha hupitisha bolti ndani ya bushi za chuma zilizochomelewa kutoka ukuta mmoja wa chasisi hadi wa pili, ili kukazwa kusiibonyeze. Boksi imara kwenye chasisi dhaifu ni hela iliyopotea, kwa hiyo bajeti ya bamba na bushi ipangwe pamoja na bei ya boksi.